Dirisha la Nyuma

Siku Ngatia alipoleta pikapu kutoka Karatina ikiwa na redio mpya, watu wa juu ya soko la Gakindu waliisikia kabla ya kuiona. Mkewe, Wakonyo, alikuwa shambani akivunja mahindi kando ya mibuni. Kwanza alidhani ni gari la matangazo, lile linalopita kuita watu kwenye mikutano ya injili. Kisha akaona vumbi likipanda kwenye njia yao wenyewe, na pua nyeupe ya ile pikapu ya Pijo ikachomoza penye ua wa kayaba.

Ngatia alizima injini lakini hakuzima redio. Mdundo ulitetemesha mabati ya jikoni. Kuku walitawanyika. Wakonyo alitua kiondo chake, akasogea mpaka mlangoni mwa gari.

"Ni nini hii?" aliuliza kwa sauti.

Ngatia hakumsikia. Ikabidi Wakonyo agonge kioo kwa kifundo cha kidole ndipo akapunguza.

"Ni redio."

"Redio ilikuwa."

"Ile ilikuwa inakwaruza."

Wakonyo alichungulia ndani. Palikuwa na redio ya kaseti yenye taa za kijani, spika moja katika kila mlango, na nyuma ya kiti boksi kubwa la mbao lililovishwa zulia jeusi. Ndani ya boksi hilo mlikuwa na spika mbili pana kama sufuria za ugali. Boksi lilipanda kutoka kitini hadi karibu na paa, likaliziba dirisha dogo la nyuma lote, hata mwanga haukupenya.

"Na huko nyuma utaonaje?"

"Kuna vioo vya pembeni. Gatobu ameniwekea vikubwa." Gatobu alikuwa fundi wa nyaya za magari, Mmeru aliyefungua kibanda chake nyuma ya soko la Karatina. "Na kuna kengele. Simama hapo usikie."

Akaliwasha gari, akaingiza gea ya kurudi nyuma. Chini ya bampa kitu kikaanza kulia, kisauti chembamba cha haraka haraka kama kifaranga kilichopotezwa na mamake.

"Hiyo inaambia watu wahame," Wakonyo alisema. "Wewe haikuambii ni nani ako hapo."

"Watahama."

Wakonyo hakuuliza pesa zilitoka wapi. Zizini alikuwa amebaki ng'ombe wa maziwa tu; mtamba mweusi waliyemlea kwa chupa hakuwamo. Alitaka kusema kitu juu ya huyo mtamba. Lakini Ngatia alikuwa ameshapandisha sauti tena, na uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mkewe hakuwa ameiona kwa miezi mingi. Akarudi kwa mahindi yake.

Ngatia hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa ameendesha lori la chama cha kahawa mpaka akastaafu, na wenzake walimcheka kwamba hata honi aliipiga kama anaomba radhi. Alibadilika mwaka huo wa tisini na sita, baada ya mvua za Aprili, walipomzika Wamucii. Wamucii alikuwa mtoto wao wa pekee. Alikuwa fundi wa cherehani kule Nanyuki, akarudi nyumbani amekonda, akalala katika kitanda chake cha usichana, mwishowe akapelekwa hospitali ya Nyeri na hakutoka. Majirani waliokuja kutoa pole walisema ni homa ya mapafu. Walipofika barabarani walisema lile jingine, ambalo hata wao hawakulitaja kwa jina.

Tangu siku ile, mume na mke hawakuitana kitu chochote. Maisha yao yote walikuwa Baba Wamucii na Mama Wamucii. Sasa jina hilo lilikuwa zito mdomoni, na lingine hawakuwa nalo. Mtu alipomtaka mwenzake alikohoa, au alikwenda mpaka alipo akasimama.

Jioni, baada ya kukamua, Ngatia aliichukua chai yake akaenda kuinywa ndani ya pikapu, milango imefungwa, redio ikiunguruma. Wakonyo alibaki mezani na taa ya mafuta. Alimenya viazi polepole sana ili kazi imfikishe saa ya kulala. Mdundo uliupita ukuta wa mbao ukamjia miguuni. Maneno ya wimbo hayakufika.

*

Kikundi cha akina mama wa kanisa kilikutana kwa Wachuka, mwenyekiti wao. Chai ilipoandaliwa, Wakonyo alipewa tena kikombe kile cha plastiki cha kijani. Wengine wote walikunywa katika vikombe vya udongo. Ilikuwa hivyo tangu mazishi. Kikombe kilifika kila mara kwa tabasamu, na kila mara kilirudishwa peke yake.

"Mama, tunaskia mzee wako amerudi ujana," mmoja alisema.

Wakacheka. Wakonyo akacheka nao.

"Ati spika kubwa hivyo ni za kuimbia nani?"

"Mimi siwezi ficha," Wachuka alisema, akimwongezea mtu sukari. "Wangu alianza na viatu vyeupe. Nikanyamaza. Kuuliza uliza, nikapata kuna nyumba amekodi Kiriaini, na kuna mtu ndani anapika. Chunguza, mama. Mwanaume hawezi kaa ndani ya gari peke yake saa hizo zote bila sababu."

"Nitachunguza," Wakonyo alisema.

Alipokuwa akirudi nyumbani aliliwaza jambo hilo, akajikuta akitamani liwe kweli. Mwanamke wa Kiriaini angeweza kutafutwa. Angekuwa na mlango wa kubisha, na uso wa kutukana. Lakini Ngatia hakwenda popote. Alikaa pale pale uani, karibu na kaburi la bintiye, akitazama mbele kwenye ua wa kayaba, na muziki ukimzunguka kama blanketi.

*

Siku ya soko Wakonyo alikuwa ametandaza ndizi zake Gakindu, upande wa wauza viazi na nduma. Jirani yake alikuwa Watiri, bibi mzee aliyeuza nduma zilizooshwa zikang'aa. Watiri alikuwa ameinama akifunga gunia, mgongo wake ukielekea barabara.

Pikapu ilifika na muziki wake. Ngatia alikuwa ameitwa kuchukua mbolea katika duka lililokuwa nyuma ya wauzaji, na nafasi ilikuwa ndogo. Wakonyo alimwona akitazama kioo cha kulia, halafu cha kushoto. Alipoanza kurudi nyuma, Wakonyo alijua kengele inalia, kwa sababu alimwona kijana mmoja karibu na tairi akiruka pembeni. Lakini hatua chache tu kutoka hapo haikusikika. Ilikuwa imemezwa na zile spika.

"Simama!" Wakonyo alipiga kelele. "Simama! Simama!"

Gari likaendelea kuja polepole, bila haraka yoyote. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba lilikuja polepole vile. Bampa ilimgusa Watiri nyuma ya mapaja, akaanguka mbele juu ya nduma zake, na tairi likapanda mguu wake wa kushoto.

Mwanamume mmoja alipiga boneti kwa ngumi mbili. Ngatia akafunga breki, akazima redio. Ndipo soko zima likasikia vitu viwili pamoja: kengele ya kurudi nyuma ikiendelea kulia chini ya bampa, na Watiri akimwita Mungu.

"Mzee mzima na disko!"

"Huyu amerukwa na akili tangu mambo ya ule msichana!"

"Zima hiyo kitu inalia! Zima!"

Mtu fulani alimpiga Ngatia kofi la kisogoni, kofia yake ikaanguka vumbini. Hakujitetea. Watu walimbeba Watiri wakampandisha nyuma ya pikapu, na wanawake wakapanda naye bila kuambiwa, mmoja akimshika kichwa, wengine mguu, mwingine akimkinga jua kwa leso. Palijaa mpaka hapakuwa na nafasi ya kuweka mguu.

Ngatia alisimama akiwatazama. Wakonyo alikuwa karibu naye, akaona kwamba hakuwa akimtazama Watiri. Alikuwa akiitazama ile mikono yote. Midomo yake ilicheza kama mtu anayehesabu.

"Mzee, twende!" alisema Wamae, mwanawe Watiri, aliyekuja mbio kutoka kwa kinyozi na kichwa kilichonyolewa nusu. "Endesha basi!"

Ngatia alijaribu kuingiza ufunguo, ukakosa tundu, akajaribu tena, ukakosa. Wamae akamvuta kando kwa bega, akaketi kwenye usukani, na pikapu ikaondoka kuelekea Nyeri. Mwenye gari akabaki amesimama katikati ya soko na nduma zilizopondeka.

Wakonyo aliiokota kofia, akaikung'uta kwa goti, akampa. Walirudi nyumbani kwa miguu, Ngatia mbele na Wakonyo nyuma, na hakuna aliyewasalimu.

*

Wamae alirudisha pikapu siku iliyofuata, mchana. Alikataa kukaa.

"Mguu umevunjika," alisema. "Wameufunga plasta. Mama amesema hataki mambo ya polisi, ati mnajuana tangu zamani. Mimi ningetaka, lakini ni yeye amesema. Mtalipa hospitali. Na mtamrudisha nyumbani akiruhusiwa."

"Tutalipa," Wakonyo alisema. "Tutamleta. Mwambie tunaomba msamaha sana."

"Na hiyo boksi itolewe. Mtu hawezi ona nyuma. Nimeendesha mpaka Nyeri na sioni nyuma." Wamae alisema haya yote akimtazama Wakonyo, kana kwamba Ngatia, aliyesimama pale pale akiwa na kofia mkononi, ni mtoto aliyeletwa na mzazi wake kuombewa radhi. Kisha akampa Wakonyo ufunguo, si yeye.

Alipokwenda zake, Wakonyo aliingia stoo akatoka na spana na bisibisi. Akafungua mlango wa pikapu.

"Wacha," Ngatia alisema.

"Ninaitoa."

"Wacha, nimesema."

"Umevunja mguu wa mtu! Unataka kuvunja wa nani sasa? Umeuza mtamba, nikanyamaza. Nimechekwa kanisani, nikanyamaza. Mtu wa rika la mtoto wetu anakuja kunikemea kwa boma yangu, nikanyamaza. Hii ninaitoa leo." Alikuwa ameshapanda kitini kwa magoti, akitafuta skrubu za kwanza.

Ngatia alimshika kifundo cha mkono. Hakukishika kwa nguvu.

"Ukiitoa nitaona nyuma," alisema.

"Si dirisha ni ya kuona nyuma?"

Ngatia alimwachilia. Alikaa kwenye kizingiti cha mlango wa gari, mgongo kwake, na akasema akiielekea miguu yake.

"Wale vijana walishuka. Siku ile ya kumleta nyumbani kumzika. Unajua walishuka?"

Wakonyo aliiacha ile skrubu.

"Wale walikuwa wakae na yeye huko nyuma. Tulisimama kuweka petroli, hapo tu ukitoka Nyeri. Nikienda kulipa, nikirudi, hakuna mtu. Wote wameingia kwa basi ya mazishi. Mmoja akaniambia kwa dirisha, mzee, ni mvua. Haikuwa mvua, yalikuwa manyunyu. Basi ikaenda. Nikajiambia, basi nitaenda polepole." Aliigeuza kofia mikononi. "Hiyo barabara ni kona tupu. Kila kona sanduku linateleza linagonga ubavu wa gari. Ngo. Naangalia kwa kioo, naliona linatoka huku linaenda huku, na hakuna mkono hata mmoja. Nikasimama nikalifunga na kamba. Kamba ikalegea. Nikasimama tena. Kuteremka mto wa Gura likaja mbele lote, likagonga hapa nyuma ya kichwa yangu. Kama mtu anabisha. Nikaweka redio. Ile ya zamani. Niliweka mpaka mwisho, na bado nilisikia."

Kuku mmoja alipita chini ya gari. Wakonyo alikuwa bado amepiga magoti kitini, bisibisi mkononi, uso wake karibu na lile zulia jeusi lililonuka gundi.

"Niliwaona," alisema.

Ngatia aligeuka.

"Niliwaona wakiingia kwa basi. Mmoja alikaa nyuma yangu. Nilimsikia akijipangusa mikono na karatasi, akipangusa, akipangusa. Nilijua hakuna mtu amebaki na yeye."

"Na hukusema."

"Sikusema. Nilifikiri nikisema hata hao wengine watashuka. Nilifikiri tutafika hapa tuchimbe sisi wawili." Alilikwaruza zulia kwa ukucha. "Nilikuwa na nafasi ya kushuka. Basi ilikuwa imesimama. Nilikaa."

Hakuna aliyelia. Walikaa hivyo muda mrefu, mmoja ndani ya gari na mwingine mlangoni, na kila mmoja aliona aibu ya mwenzake, hakujua aiweke wapi.

"Mama Wamucii," Ngatia alisema hatimaye. Lilitoka kavu, kama kitu kilichokaa sana bila kutumika. "Leta hiyo bisibisi. Utajikata."

*

Aliling'oa boksi mwenyewe, na Gatobu akalichukua kwa bei ya hasara iliyokwenda yote hospitalini. Redio ilibaki kwa sababu hakukuwa na aliyeitaka. Ngatia hakuiwasha. Kwa siku kadhaa hakuendesha gari kabisa. Alilizunguka tu, akapangusa vioo, akaangalia hewa ya magurudumu, akarudi ndani. Chai aliinywa mezani sasa. Lakini hawakuwa wamepata la kusemezana, na ukimya wa watu wawili ulikuwa mgumu kuliko wa mmoja.

Kisha habari ikaja kwamba Watiri ameruhusiwa.

Asubuhi hiyo kulikuwa na ukungu na baridi ya Agosti. Ngatia alilitoa gari nje ya ua, akainama akamfungulia mkewe mlango wa abiria. Wakonyo alikuwa amevaa koti lake zito na skafu ya kichwani, na kwapani alikuwa na gunia tupu lililokunjwa. Aliupita ule mlango. Alikwenda nyuma, akakanyaga bampa, akashika ubavu wa pikapu, akajivuta juu kwa shida ya mwanamke aliyekwisha kupita umri wa kupanda magari hivyo.

Ngatia alishuka.

"Unafanya nini?"

"Nakaa huku."

"Utagandishwa na baridi."

"Nimevaa."

"Watu wataona. Watasema."

"Si wamekuwa wakisema."

Alilitandaza gunia katikati ya bati, akakaa, miguu ameinyoosha mbele. Ngatia alisimama ameshika ubavu wa gari. Aliufunga mlango wa abiria uliobaki wazi. Akaenda akauzungusha ufunguo.

Walipita sokoni. Watu waliokuwa wakipanga vitu vyao waliinua vichwa. Wachuka alikuwa kando ya barabara na mtungi wa maziwa, akamwona Wakonyo ameketi peke yake nyuma kama mzigo na kiti cha mbele kitupu. Mkono wake ulianza kupunga ukaishia njiani. Wakonyo alimwangalia mpaka ukungu ukamfunika.

Kisha kona zikaanza. Kwenye ya kwanza alisukumwa upande, bega likagonga ubavu wa gari. Alitafuta cha kushika, na hapakuwa na kitu, bati laini tu na maji ya umande. Kwenye ya pili aliteleza na gunia lake mpaka upande wa pili. Aliwaza hivi ndivyo ilivyokuwa. Akatanua miguu, akaikaza dhidi ya ubavu mmoja, mgongo dhidi ya mwingine, akatandaza viganja vyote viwili kwenye bati kana kwamba anamshikilia mtu alale. Chuma kilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Hakuviondoa.

Alipoinua macho aliona macho ya Ngatia. Dirisha la nyuma lilikuwa safi, na katika kile kioo kidogo cha juu ya usukani macho yake yalikuwa yamemkazia. Gari lilikuwa likienda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Walikuwa wanaanza kuteremka Gura, na Ngatia hakuwa akiitazama barabara hata kidogo. Alikuwa akimtazama yeye, na mashavu yake yalikuwa yamelowa.

Nyuma yao lori la majani chai lilipiga honi, likapiga tena.

Wakonyo aliutoa mkono mmoja kwenye bati, akaunyoosha, akamwonyesha mbele.

Ngatia alitikisa kichwa kukubali. Akajipangusa kwa mkono wa sweta, akaitazama barabara. Kutoka hapo mpaka Nyeri hakuangalia nyuma tena, wala Wakonyo hakuangalia mbele. Kila mmoja alilia upande wake wa kioo, na gari likazichukua kona moja moja, polepole, bila kitu chochote kugonga.